WANAUZA MAJI YA CHUMVI KWA WENYE KIU: NENO KWA WAANDISHI WA CHOMBEZO, NA KWETU SISI TULIOWAACHIA SOKO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa Mkunya, Newala, Masasi, Tandahimba na popote mlipo. Sifa zote njema ni za Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ujumbe wa leo ni mrefu. Usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni. Sitatumia neno chafu hata moja, lakini sitazunguka. Nitasema jambo kwa jina lake.

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja alibaki msikitini. Namjua tangu mdogo. Amesoma madrasa kwetu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wake, mimi nikiwa wa kwanza. Ana mke na mtoto mmoja. Alisubiri watu wote watoke, akanisogelea, akasema: "Shekhe, nina swali. Pesa ninayopata, sijui ni halali au haramu."

Nikamuuliza, "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

Akainamisha kichwa. "Naandika chombezo."

Kwa wasiojua (na najua wengi mnajua, mnajifanya tu), chombezo ni zile hadithi za mapenzi za kwenye simu, zenye alama ya 18+, zinazokuja vipande vipande. Sehemu ya kwanza bure, ya pili bure, ya tatu bure. Ya nne inakatwa pale pale ambapo mlango umefungwa na taa imezimwa. Chini yake kuna maneno: "Itaendelea. Ukitaka yote lipia kwa namba hii, utaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp." Unatuma elfu moja, unapata sehemu tano. Unatuma elfu tatu, unapata hadithi nzima. Ukimaliza, ipo nyingine.

Nilikasirika. Nilitaka kumpa aya na kumfukuza. Kisha nikajiuliza: huyu amekuja mwenyewe, usiku, kwa miguu yake. Alikuja kijana mmoja kwa Mtume (S.A.W) akaomba ruhusa ya zinaa waziwazi mbele ya watu. Watu wakamkaripia. Mtume akamwita karibu, akamkalisha, akaanza kumuuliza: je, ungependa jambo hili kwa mama yako? Kwa binti yako? Kwa dada yako? Mpaka kijana akaelewa mwenyewe. Kisha akamwekea mkono na kumwombea. Basi na mimi nikamwambia kijana wangu akae, anieleze biashara yake.

MSOMAJI ANATAKA NINI?

Nikamuuliza: "Wewe unajuaje msomaji anataka nini?"

Ndugu zangu, jibu lake lilinikosesha usingizi. Anajua kuliko sisi tunavyowajua waumini wetu. Anajua saa ya kurusha hadithi: saa tatu usiku, watoto wakishalala. Anajua tarehe za mshahara. Anajua msimu wa mnada wa korosho, pesa ikiingia kwa wakulima, wanunuzi wa huku kwetu wanaongezeka. Anajua kipande kikizidi urefu watu wanaridhika, na mtu aliyeridhika hanunui. Kwa hiyo hamridhishi. Nukuu hiyo ndugu yangu: *kazi yake ni kuhakikisha huridhiki.*

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema: "Shekhe, watu wanadhani wanaonunua ni vijana wa kiume tu. Wanunuzi wangu wengi ni wanawake, na wengi wana waume. Na pale mwanzo nilikuwa nakimbilia kitandani haraka. Wakanilalamikia. Wakasema umeruka pale mwanaume anapomuuliza mke wake kama amechoka. Umeruka pale anapomsifia. Wanataka yale maneno kwanza."

Mmoja, akasema, alimwandikia faraghani: "Hivi kuna wanaume wanaoongea na wake zao hivi kweli, au unatunga?"

Subhanallah. Mwanamke wa Kiislamu, mwenye mume, anatuma elfu moja kwa mtu asiyemjua ili asome jinsi mume anavyozungumza na mkewe.

Kijana alitaka kunionyesha simu yake. Akasema, "Shekhe, humu kuna namba ya mtu anayeswali safu ya kwanza." Nikamwambia funga simu. Allah anapenda kusitiri, na mimi sikutaka kujua. Lakini nikiri kwenu: tangu siku ile nikigeuka baada ya salamu naiangalia safu ya kwanza kwa huruma zaidi.

BIASHARA HII SI MPYA

Msidhani imeletwa na simu. Sisi tuliosoma sekondari miaka ya themanini tunakumbuka vijitabu vilivyopitishwa chini ya madawati hadi jalada linatoka. Na mimi nilisoma, Allah anisamehe.

Kule Kenya miaka ya sabini alikuwepo mwandishi David Maillu. Mwenyewe alieleza kwamba kabla ya kuandika aliwauliza watu wanapenda kusoma kuhusu nini. Wakamtajia mengi: mapenzi, ndiyo, lakini na siasa, na pesa, na dini, na kifo. Akaandika vijitabu vyepesi, akavichapisha mwenyewe, vikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Mwaka 1976 serikali yetu ya Tanzania ilivipiga marufuku. Haya, marufuku ilipita. Hamu ilikwenda wapi? Ilibaki palepale kwenye vifua vya watu, ikasubiri magazeti ya udaku, ikasubiri simu.

Leo tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kusambaza picha na maandishi ya uchafu, na adhabu yake ni kubwa. Mwandishi wa chombezo ajue hilo. Lakini mimi siandiki kuwatisha kwa polisi. Polisi hawezi kuingia ndani ya hamu ya mtu.

Na nyuma zaidi ya hapo, katika Suratu Luqman aya ya 6, Allah anataja mtu anayenunua maneno ya upuuzi ili apoteze watu na njia. Wafasiri wengi wanamtaja hapo An-Nadhr bin Al-Harith, mfanyabiashara wa Makka, aliyekuwa akienda Uajemi na kurudi na visa vya wafalme na mashujaa wao. Mtume (S.A.W) akiwa anawasomea watu Qur'an, yeye anakaa upande wa pili na kusema: njooni kwangu, mimi nina hadithi tamu zaidi. Yule naye alijua msikilizaji anataka nini! Kujua watu wanataka nini ni kipaji. Swali ni unakitumia kuwapeleka wapi.

HOJA ZAO TATU

Nimezisikia, na kijana wangu alizileta zote usiku ule.

*Hoja ya kwanza: "Tunawapa watu wanachotaka, hatumlazimishi mtu."*

Ndugu yangu, sisi watu wa uwanda wa juu tunaijua kiu. Mama zetu wameteremka bondeni alfajiri na ndoo, wakapanda mlima na maji kichwani, mgongo umepinda. Hakuna mtu wa Newala anayehitaji kuelezwa thamani ya ndoo moja. Sasa aje mtu na maji ya chumvi. Amwuzie mwenye kiu. Anywe, kiu izidi, arudi kesho na pesa nyingine. Ukimlaumu akwambie: "Nimempa alichotaka, alitaka maji." Huyo ni muuza maji au ni mwizi?

Mwanamke yule alitaka kuzungumziwa vizuri na mume wake. Umempa nini? Umempa mume wa karatasi asiye na deni, asiyenuka salfa ya mikorosho, asiyerudi amechoka. Kesho asubuhi anamwangalia mume wake halisi na kumwona takataka. Kiu yake ilikuwa halali kabisa, na ulichomnywesha kimeiongeza.

*Hoja ya pili: "Tunafundisha wanandoa."*

Waongo. Nimemwambia kijana: nitajie hadithi yako moja ambayo wahusika ni mume na mke wa ndoa, ndani ya nyumba yao. Akanyamaza. Kisha akasema, "Hizo hazitoki, Shekhe." Zinazotoka ni shemeji, mama mwenye nyumba, mke wa jirani, bosi na dada wa kazi. Yaani somo la ndoa linalofundishwa kwa kuvunja ndoa ya mtu mwingine.

Na hapo kwa dada wa kazi nisimame kidogo. Katika hadithi zenu dada wa kazi hana mama, hana kijiji, hana woga. Daima anatabasamu, daima alikuwa anasubiri. Mimi namjua dada wa kazi. Anatoka hapa kwetu. Anapanda basi la Dar es Salaam alfajiri na begi moja, mama yake analia stendi. Wapo wanaotuma pesa nyumbani na kujenga, alhamdulillah. Na wapo waliorudi na mimba isiyo na mwenyewe, kwa sababu bosi fulani alidhani tabasamu la mfanyakazi ni ruhusa. Aliyajifunza wapi hayo? Ninyi mnaoandika, msiseme ni hadithi tu. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba anayeanzisha njia mbaya ana mzigo wake na mzigo wa wanaomfuata, bila wao kupunguziwa chochote.

*Hoja ya tatu: "Tumeandika 18+."*

Simu ya baba anayo mtoto. Kila mzazi anayesoma hapa anajua. Ile alama haimzuii mtoto, inamwelekeza mahali pa kubonyeza.

Sasa hukumu ya swali lake: pesa ile ni halali au haramu? Mtume (S.A.W) alibainisha kwamba Allah akiharamisha kitu, huharamisha na thamani yake. Na katika Suratu Nur aya ya 19 kuna onyo kali kwa wanaopenda uchafu uenee kati ya walioamini, adhabu ya duniani na Akhera. Nilimwambia bila kupepesa: ni haramu. Sikumpa mlango wa pembeni.

"LAKINI BILA HAYO HADITHI HAIUZIKI"

Hilo ndilo alilonijibu. Nikamwambia fungua Suratu Yusuf.

Sura nzima ni kisa kimoja, aya 111, na Allah mwenyewe mwanzoni amekiita katika visa vizuri kabisa. Na ndani yake kuna nini? Kuna mwanamke mwenye cheo anayemtamani kijana mzuri aliye nyumbani kwake. Kuna milango inayofungwa. Kuna mwaliko. Kuna kijana anayekimbia, shati linachanika kwa nyuma, na mume yuko mlangoni! Kuna shahidi anayesema tazameni limechanika upande gani. Kuna wanawake wa mjini wanaosengenya, kisha nao wanamwona Yusuf na kujikata mikono kwa visu.

Nionyesheni ni mwandishi gani wa chombezo amewahi kutunga sehemu yenye mvuto kama hiyo. Na hakuna aliyevuliwa nguo. Yule mwanamke hata jina lake halikutajwa, amesitiriwa mpaka leo, na mbele ya kisa anapewa nafasi ya kukiri kosa lake mwenyewe. Qur'an haikujifanya kwamba hamu haipo. Imeitaja, imeonyesha nguvu yake, imeonyesha na gharama yake: miaka ya gerezani kwa asiye na kosa. Katika chombezo hakuna gharama. Hakuna anayepata maradhi, hakuna mtoto anayezaliwa, hakuna talaka inayoliza watu. Ndiyo maana nasema hata kama hadithi, ni hadithi ya uongo kuliko uongo.

Kijana alisema, "Shekhe, mimi sina kipaji cha hivyo." Nikamwambia: umeweza kumfanya mke wa mtu akeshe kwa kusoma mume anavyomuuliza mkewe kama amechoka. Hicho ni kipaji. Kimalize hapo hapo kwenye swali.

SASA TUJITAZAME SISI

Hapa ndipo wengine mtakasirika na mimi, na iwe hivyo.

Nani alimwachia soko huyu kijana? Hapa kwetu mabibi zetu walikuwa na unyago, mababu walikuwa na jando. Kungwi alimkalisha mwari akamfundisha mwili wake, usafi wake, namna ya kuishi na mume. Yalikuwemo mambo yanayopingana na dini, na mimi mwenyewe nimeyapiga vita kwenye mimbari miaka mingi, sijutii. Wenzetu Waanglikana wa Masasi, askofu wao Vincent Lucas hakuivunja jando moja kwa moja. Aliichukua akaipitisha kwenye dini yake. Hatufuati itikadi yake. Lakini aliona jambo ambalo sisi wengine hatukuliona: ukibomoa nyumba ya mafunzo bila kujenga nyingine, watoto watafundishwa barabarani. Sisi tulibomoa, tukafunga mada kwa neno moja, "aibu". Barabara ya leo ni simu.

Na dini yetu haina aibu hiyo! Ummu Sulaym alimwendea Mtume (S.A.W) na swali la mwanamke kuhusu ndoto na josho, akatanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki. Akajibiwa wazi. Bibi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Katika Suratul Baqara aya ya 187 mume na mke wamefananishwa na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Na tendo lenyewe katika halali Mtume alilihesabu kuwa sadaka yenye malipo, mpaka maswahaba wakashangaa. Ni mara ya mwisho lini umesikia hayo kwenye khutba? Mimi nimekuwa imamu miaka mingi. Nimehesabu khutba zangu kuhusu josho, nyingi. Kuhusu mume kuzungumza na mkewe, moja. Nayo nilisema kwa haraka.

Enyi waume! Mtume (S.A.W) alikuwa akichukua chombo alichonywea Bibi Aisha na kuweka mdomo pale pale alipoweka yeye. Akiwa nyumbani alisaidia kazi za nyumbani. Alishindana naye mbio. Wewe unarudi kutoka shambani au kijiweni, unauliza kitu kimoja tu: "Chakula kiko wapi?" Kisha unashangaa mkeo yuko kwenye simu saa tano usiku anacheka peke yake. Yule mwandishi amemuuliza mara moja kama amechoka, akalipwa elfu moja. Wewe ungeuliza bure, na ungeandikiwa thawabu.

Na ninyi kina mama, msijifiche nyuma ya makosa ya waume. Mume akiwa mgumu wa maneno, dawa si kumlinganisha na mtu wa kutungwa. Mwambie unachotaka. Wengi wetu hatujui, wallahi. Hatukufundishwa.

KIJANA YUKO WAPI SASA

Mtapenda nimalizie kwa kusema ametubu, amefuta kila kitu, mambo yamekwisha. Sitawadanganya.

Nilipomwambia haramu, aliniuliza: "Sawa, Shekhe. Kuanzia pesa ya korosho inapoisha mpaka mnada mwingine, tule nini? Mwezi mzuri napata laki moja na nusu." Nikamjibu haraka, "Allah ndiye mwenye kuruzuku, nenda ukalime." Akasema, "Ndiyo, Shekhe," akaondoka. Nikabaki msikitini peke yangu najiona nimesema kweli na sijamsaidia.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake. Nimemwomba mambo mawili. La kwanza, aache, kwa ajili ya Allah, hata kabla hajapata mbadala, kwa sababu haramu haisubiri mbadala. La pili, aje anisaidie. Jumatatu baada ya Maghrib tunaanza darsa ya ndoa, wanaume peke yao. Alhamisi alasiri ni ya kina mama, na bibi wawili wacha Mungu waliokuwa makungwi wamekubali kukaa na mwalimu wetu wa kike. Nataka masomo yale yaandikwe kwa Kiswahili kizuri, kwa mkono wa mtu anayejua msomaji anataka nini, yapigwe chapa na yauzwe kwa bei ndogo. Wenye duka, wenye korosho, wenye mashine ya kuchapa: nawaomba mchango wenu. Mnanunua kapeti la msikiti kila baada ya miaka mitatu. Kapeti hili lililopo bado zima. Mwaka huu nunueni kalamu ya kijana huyu.

Amesema atafikiri. Kundi lake la WhatsApp, nilivyomuuliza juzi, bado lipo, ila wiki mbili hajarusha kitu, na watu wanamtukana wakidai sehemu ya kumi na nane. Mwombeeni. Ana mtoto wa kulisha na wateja wanaomwita kila usiku.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukiwa na ile hadithi imefunguliwa upande wa pili wa simu, sikutaji jina. Ifunge. Geuka, muulize aliye karibu yako kama amechoka.

Ewe Mola, tusitiri aibu zetu, turuzuku halali na uifanye ituroshe na haramu, tia mapenzi na huruma katika nyumba zetu kama ulivyoahidi katika Suratu Rum, na uwaongoze vijana wetu wenye vipaji kabla soko halijawanunua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sambaza kwa nia njema. Mwenye swali la ndoa aniandikie faraghani, nitajibu na nitasitiri, inshaallah. Mwenye matusi aandike hapa chini, nimezoea.